Kuwatembeza Watu Usiku Katika Nyumba ya Vizuka: Ninavyofanya Lamu

Nyumba ya bibi yangu iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi asubiri kwenye daka la mtu, yaani baraza la mlangoni. Ni nyumba ya mawe ya mtindo wa karne ya 18. Kuta zake ni matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Dari zake ni boriti za mikoko, na mlango wake wa nakshi ukifunguliwa usiku hulia, nami nimekataa kuutia mafuta.

Mara mbili kwa mwezi nawaingiza humo watu baada ya sala ya Isha, tukapita chumba kwa chumba nikiwasimulia habari za wasioonekana. Huu ni mwaka wa tisa. Vijana wenye nyumba za wazee wao huko Pate, Siyu na Mombasa huniuliza nafanyaje. Wengine wameshaanza, tena vibaya, kwa vinyago vya plastiki na mtu aliyejibanza nyuma ya mlango ili awarukie wageni. Nyumba ya kale ina vitisho vyake vya kutosha. Wewe ijue tu, mpaka uweze kuitembea umefumba macho.

Ruhusa kwanza

Kabla hujamwalika hata mgeni mmoja, kaa na wenye nyumba. Nyumba zetu ni za urithi, na wenye haki wametawanyika: mmoja yuko Lamu, wawili Mombasa, mwingine Muscat. Niliwapigia simu wajomba zangu mmoja mmoja. Mmoja wao alikataa mwaka mzima, hakutaka mama yake marehemu afanywe mchezo. Nikamwomba aje asikilize kabla ya mgeni yeyote. Alikaa kwenye kiti kirefu cha ukumbini, miguu ameikunja, nikamsimulia yote niliyokusudia kusimulia. Akaitoa habari moja, iliyobaki akairidhia. Ile aliyoitoa sijaitamka tena, na hapa siiandiki.

Kisha nenda kwa majirani. Lamu nyumba zimegusana kuta, na nyingine zimeunganishwa na wikio linalopita juu ya kichochoro, kwa hiyo kicheko cha ndani ya nyumba yako kinasikika kitandani kwa mwenzako. Mzee wa mtaa ajue. Leseni ya kuongoza wageni iwe mfukoni. Mimi pia nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu, kwa sababu jambo hili linagusa dini. Watu wa pwani hatubishani kama majini wapo. Wametajwa katika Kurani, na bibi zetu hawakumwaga maji ya moto gizani bila kusema bismillahi, wasije wakamwunguza mtoto wa asiyeonekana. Imamu alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa maneno mawili: "Simulia, usiite." Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yangu. Hakuna kupiga hodi kwa wafu, hakuna kuuliza "kuna mtu humu?", hakuna dua za kuchezea. Mgeni akianza kufanya hivyo namzuia papo hapo, kwa upole lakini mbele ya wenzake.

Usiku gani, saa ngapi

Usianze kabla ya Isha kwisha msikitini. Nawakusanya watu saa mbili na nusu. Mwezi wa Ramadhani sitembezi, wala siku za Maulidi katika Mfungo Sita, kwa sababu mji unajaa wageni na sauti ya dufu na kasida iko kila pembe. Pakiwa na msiba mtaani nafuta, hata kama watu wameshalipa. Narudisha pesa na sielezi sana, watu wa hapa wanaelewa na wa mbali hujifunza.

Ama mwezi wa angani, hapa ndipo wengi wanapokosea. Huchagua mbalamwezi ili papendeze au usiku wa giza tupu ili patishe. Mimi huchagua tarehe 18 na 19 ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza. Watu wanaingia nyumbani giza likiwa zito, wanazunguka vyumba kwa zaidi ya saa nzima, na tunapofika juu, kuelekea saa nne, mwezi unakuwa ndio unapanda kutoka upande wa kisiwa cha Manda, mwekundu kama bamba la shaba, na maji ya mkondo yote yanabadilika rangi. Hakuna taa ya kununua inayofanya kazi hiyo. Andika kalenda yako ya mwaka kwa mwezi wa Kiislamu, halafu ndiyo uihamishie kwenye tarehe za kawaida kwa ajili ya wageni.

Stima ikikatika, na hapa hukatika, usiwashe jenereta. Endelea.

Watu wangapi, taa gani

Watu 12, hawazidi. Idadi hiyo imewekwa na mti. Boriti za mkoko hazivuki nafasi ya zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba. Ukiwapanga watu sita ukuta huu na sita ukuta ule, migongo ikiwa imegusa chokaa, katikati inabaki njia ya wewe kupita na taa. Mtu aliyeegemea ukuta hatulii macho. Anajua nyuma yake hakuna kitu, kwa hiyo anaangalia mbele sana. Ukileta 20, wa nyuma watacheka na simu zao na usiku umeharibika.

Uwe na msaidizi mmoja wa kushika mkia. Kwangu ni binamu yangu, mwanamke mwenye sauti ndogo na miguu ya hakika. Anahesabu vichwa mlangoni, anahesabu tena juu ya ngazi, na ananinong'oneza idadi. Ngazi zetu zimejengwa kwa mawe na kila kipandio kina kimo chake. Zihesabu, zipande na kuzishuka gizani mara kumi peke yako kabla hujampitisha mtu. Za kwetu ni 17, na ya tisa ni fupi kuliko wenzake. Nawaambia wote kabla ya kupanda: "Ya tisa ni fupi." Wanapanda wakihesabu kwa midomo, na kuhesabu huko kunawanyamazisha vizuri kuliko kuwaomba wanyamaze. Mtoto wa chini ya miaka 10 simpokei.

Mishumaa usiitumie. Mtu aliyetembeza watu kabla yangu katika nyumba nyingine aliweka mishumaa ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na zile alama nyeusi za moshi bado ziko kwenye lipu ya chokaa iliyochongwa na fundi wa miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Chokaa hunyonya moshi, haisuguliki ikatoka. Juu tuna makuti, na makuti na moto hawajuani. Mimi nina kandili mbili za kioo ambazo ndani nimetia taa ndogo za betri zenye mwanga wa manjano. Moja naishika mimi, nyingine msaidizi. Tochi zipo mfukoni kwa dharura tu, na simu za wageni zote huingia kwenye kikapu cha ukili pale mlangoni. Wanalalamika kidogo, halafu wanasahau.

Viatu wanavua wanapofika juu. Sakafu ya chokaa usiku ina ubaridi wake, na mtu akiukanyaga kwa mguu mtupu mwili unakuwa umeshaanza kusikiliza.

Daftari

Hadithi usizitunge. Kila mji wa zamani una zake, na ukikaa na wazee watakupa zaidi ya utakazohitaji. Nenda alasiri, baada ya chai, usiende na kinasa sauti siku ya kwanza. Uliza habari za nyumba, usiulize habari za majini. "Chumba hiki kililalwa na nani? Kisima kilifukiwa lini? Kwa nini mlango huu ulizibwa?" Mazungumzo yatafika yenyewe unakotaka.

Daftari langu nimeligawa sehemu tatu: yaliyotokea, yanayosemwa, na niliyoyasikia kwa masikio yangu. Kila habari nimeandika imetoka kwa nani na lini. Nikiisimulia, msikilizaji anajua iko sehemu gani, na lugha yetu imeshatupa chombo cha kufanyia hivyo. Ngano huanza kwa "Paukwa!" na watu wakaitikia "Pakawa!" Ukishasema hivyo kila mtu anajua kwamba sasa ni hadithi, na hata ukiwatia mbwa wanaozungumza hakuna atakayekushitaki. Basi ngano naianzia hivyo. Ya sehemu ya kwanza na ya tatu siianzii hivyo kamwe. Nasimama, nanyamaza kidogo, nasema "bibi yangu alinambia", na utasikia chumba chote kinabadilika.

Njia ya kupita

Tunaanza nje, kwenye daka. Ni baraza mbili za mawe zinazotazamana mbele ya mlango, mahali ambapo mgeni wa zamani alikaa akasubiri bila kuingia kwenye mambo ya ndani. Hapo nawapa masharti, nachukua simu, nawaeleza mji: kwamba mji huu wa kale uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2001, kwamba ngome ile waliyoiona sokoni ilimalizika mwaka 1821 na ilikuwa gereza mpaka miaka ya 1980, na kwamba kule kijiji cha Shela, palipopiganwa vita mwanzoni mwa karne ya 19, upepo ukivuma sana mchanga hufunua mifupa. Sizidishi. Dakika tano zinatosha, miguu ikianza kuuma masikio hufunga.

Tukiingia, ndani ya mlango kuna tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na mkono wa kushoto kuna mlango mdogo uliofungwa. Wote huuliza kuna nini humo. Nawajibu: "Tutarudi." Tunapanda.

Juu kuna kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, na pembeni birika la maji. Hapa naomba kandili zote mbili zifunikwe kwa leso. Nyota zinaonekana juu kwenye ule mraba wa mbingu, na birika halionekani kabisa. Nakaa kimya. Baada ya muda, dakika moja au mbili, maji yanagutuka: chubwi! Kila mara kuna anayeshika mkono wa mtu asiyemjua. Usiwaonye kabla, lakini usiwafiche baadaye. Nafunua kandili, nainamisha mwanga ndani ya birika, waone samaki wadogo wanaofugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, kuna bakuli la kaure la zamani lililojengewa ndani ya chokaa. Maji yakipungua, samaki hukimbilia humo na kuishi mpaka maji mengine yaje. Nawaacha walitazame bakuli. Maua ya buluu bado yapo, mwani umeyazunguka, na samaki anapopita juu yake ua hupotea, kisha linarudi. Watu waliokuwa wakitetemeka sasa wameinama vichwa vikigusana. Mgeni akishakuona umemweleza ukweli wa samaki, ataamini utakayomwambia mbele.

Kutoka hapo tunapita msana wa kwanza na wa pili, zile kumbi ndefu na nyembamba, mpaka ndani. Chumba hiki kinaitwa hivyo tu, ndani, na ukuta wake mmoja wote ni zidaka, safu juu ya safu. Huko ziliwekwa sahani na bakuli za China, na wazee wanasema hazikuwa pambo tu. Mtu mwenye husda akitupa jicho, jicho liliipata sahani, sahani ikapasuka na mwenye nyumba akasalimika. Chukua kandili, iweke sakafuni, hatua moja tu kutoka ukutani, halafu isogeze polepole sana kwa mguu. Vivuli vya zidaka vyote vitapanda ukuta kwa pamoja, kama watu wanaoinuka kutoka kwenye jamvi. Usiseme neno wakati huo. Nimeona waongozaji wanaeleza juu ya kivuli kinachojieleza chenyewe.

Nyuma ya ndani kuna nyumba kati. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ningekushauri ufanye vivyo hivyo kama nyumba yako inacho chumba hiki. Hakina dirisha. Wanawake walizaa humo. Maiti walioshwa humo, na kwenye sakafu naweza kuwaonyesha kiraka cha chokaa chenye rangi nyepesi, mahali pa ufuo, lile shimo la kupokea maji ya mwosha. Na mjane alikaa humo eda yake, miezi minne na siku kumi.

Hapa nawauliza wanaojua Kiswahili: mjane aliye edani anaitwaje? Mara nyingi ni mama mmoja mtu mzima anayejibu, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu: "Kizuka." Ndiyo. Tunasema amekaa kizuka. Neno ni lile lile la kile walichokuja kukitafuta kwangu usiku. Silifafanui zaidi. Naingia peke yangu nyumba kati na kandili moja, narudisha mlango, wao wanabaki ndani wakiona mstari wa mwanga chini ya mlango, na nasimulia nikiwa huko.

Bibi yangu alikaa kizuka humu alipofiwa na babu. Babu alizoea kuamka alfajiri na kuvaa mitalawanda, vile viatu vya mti, akavuka msana kwenda kutawadha. Kaa, kaa, kaa, kisha maji. Bibi alinambia kwamba tangu usiku wa tatu alimsikia. Kaa, kaa, kaa, kisha maji. Hakuogopa. Alikuwa akiamka, anaswali alfajiri, kama walivyokuwa wakiamshana miaka arobaini. Siku eda ilipokwisha, alioga, akavaa nguo mpya, akatoka nyumba kati, na mitalawanda haikusikika tena. Aliponisimulia haya alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua macho.

Namaliza, nafungua mlango, natoka. Hakuna kelele, hakuna wa kupiga kiatu nje. Binamu yangu aliwahi kupendekeza tuvae mitalawanda ya babu na kuvuka msana wakati huo. Ipo, imehifadhiwa sandukuni. Nikasema hapana, na sababu yake utaiona mbele.

Mtu akizidiwa

Hili ni la pwani yetu na lazima ulijue. Kuna watu ambao harufu ya ubani au udi fulani, pamoja na giza na mdundo, huwapandisha pepo. Mwaka wa pili nilikuwa na chetezo msana wa yuu, ule wa pili, nikidhani harufu itaongeza utamu. Lilikuwa kundi la wanafunzi. Msichana mmoja alianza kutikisa bega la kushoto, dogo tu, kama mtu anayefukuza nzi, kisha pumzi ikawa nzito na macho yakapanda. Wenzake walirudi nyuma wakipiga kelele, na mmoja akataka kumrekodi kwa simu aliyokuwa ameificha.

Tulifanya hivi. Msaidizi aliwatoa wengine wote kiwandani mara moja. Nilizima makaa kwa maji, nikafungua mlango, nikawasha taa zote za stima. Nilikaa naye sakafuni, kichwa chake mapajani mwangu, nikamfunika leso, nikamwita jina lake alilopewa na mamake. Sikumuuliza "wewe nani?" Ukiuliza hivyo umeshaanza uganga, na uganga una wenyewe. Alitulia baada ya robo saa, akaomba maji, akaona haya. Nilimpeleka kwa mwalimu wake na nikampigia mamake nikiwa hapo hapo. Tangu usiku ule chetezo sikiwashi mpaka tumefika juu kwenye hewa, na ngoma hazimo kabisa. Kabla ya kuingia nawauliza wote, kila mmoja pembeni: una pumu, una mimba, kuna jambo lolote linalokusumbua gizani? Kila mmoja pembeni, narudia, kwa sababu mbele ya watu kila mtu ni shujaa.

Kahawa

Kutoka nyumba kati tunapanda mpaka sakafu ya juu kabisa, chini ya makuti. Huko kuna mikeka, dele la kahawa ya tangawizi, halua na vikombe vidogo. Sisimulii kitu. Mwezi unatoka Manda, punda mmoja analia mbali huko mtaa wa Langoni, na wageni wenyewe wanaanza. Mtu wa Nairobi atasimulia ya barabara ya kijijini kwao, mtu wa Muscat atasimulia ya falaji, mfereji wa maji wa kwao. Acha waseme, na wakiondoka uandike. Usiku mmoja mzuri huko juu unaweza kwenda mpaka saa tano, nami siwaharakishi.

Mlango mdogo

Tukiteremka, nawarudisha kwenye ule mlango wa tekani uliofungwa. Wengi wameshausahau. Ni chumba cha chini, kifupi, kisicho na zidaka hata kimoja, na ndani kuna kinu cha mti kilichopasuka upande. Katika nyumba hizi wenyewe waliishi juu na watumwa waliishi chini. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Bibi yangu alipokea habari ya chumba hiki kutoka kwa bibi yake, ambaye alikuwa msichana siku hizo.

Husemwa kwamba usiku, nyumba ikilala, mchi husikika. Tu. Tu. Tu. Kisha kimya kifupi, kama mtu anayejifuta jasho. Kisha tena tu. Ni mwanamke aliyekuwa akitwanga mpunga wa nyumba nzima humu, akafa akiwa kwenye kinu. Majina ya mababu zangu naweza kuyataja vizazi saba. Jina lake hakuna aliyeliweka. Bibi yangu akiusikia mchi alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, akiwa amelala, kama unavyomwambia mtu wa nyumbani: "Pumzika, mama."

Mwaka wa kwanza nilimweka kijana nyuma ya mlango huu na kinu. Nilipofika kwenye maneno ya mchi, yeye alitwanga, na wageni walipiga mayowe, wakacheka, wakapiga makofi. Mama mmoja wa makamo hakucheka. Aliwangoja wenzake watoke, akaniambia: "Mwanangu, bibi yangu mimi alikuwa mtwangaji katika nyumba kama hii. Huyo mnayemchezea ni nani wenu?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, akaipokea, akaenda zake. Kijana nilimlipa na kazi ile ikaishia hapo.

Siku hizi kandili zote mbili naziacha nje. Tunaingia gizani, tunasimama kukizunguka kinu, nasimulia kwa dakika mbili, simwigizi mtu sauti. Nikishasema maneno ya bibi nanyamaza, na tunatoka mmoja mmoja bila haraka. Nyumba yako ikiwa na chumba kama hiki, usikiruke ili usiku uwe mtamu, wala usikifanye kiini cha vitisho. Kisimulie mwisho, kwa ufupi, na kwa jinsi ambayo mjukuu wa aliyekaa humo akiwepo hatainamisha kichwa.

Halafu wasindikize. Wape simu zao, hesabu vichwa mara ya mwisho, uende nao mpaka pwani kwenye taa, kwa sababu vichochoro vya Mkomani usiku humpoteza hata mwenyeji.

Asubuhi yake

Kesho yake asubuhi nachukua halua iliyobaki nampelekea jirani yangu, bibi wa upande wa pili wa wikio, ambaye chumba chake kimepakana na kiwanda chetu. Namuuliza kama tulimkera. Fanya hivi kila mara, hata kama unajua hamkupiga kelele. Mwezi uliopita alinijibu kwamba kelele hazikuwa nyingi, ila dirisha lake lilikuwa wazi na alinisikia nikisimulia kule chini.

"Umekosea," akaniambia. "Hakuwa akitwanga mpunga. Mpunga ulikuwa wa sikukuu. Alikuwa akitwanga mtama. Mamangu alimjua binti yake."

Nilikaa naye mpaka adhuhuri. Daftarini nimelifuta neno mpunga kwa kalamu nyekundu, pembeni nimeandika habari imetoka kwa nani na siku gani, na usiku ujao nitasema mtama.